Kuandika juu ya mufu: "RIP" na mshumaa havitoshi



Mwanamuziki mkubwa akikufa, statuti zetu za WhatsApp zinajaa ndani ya saa moja: picha nyeusi na nyeupe, mshumaa, "RIP legende". Kisha siku tatu, kimya. Kwa wazazi wetu pia njo vile: t-shirti zenye picha, kikwembe cha sare, na hotuba ya dakika mbili yenye kusema "alikuwa mutu muzuri, alipenda watu". Sisemi kama ni vibaya. Mchango wa kilio unasaidia familia kulipa jeneza, na kulala ku kilio pamoja na wafiwa ni heshima ya kweli. Lakini maneno ni kazi ingine, na sisi njo tunaitwa kuifanya: "Wewe uko na diploma, tuandikie kitu cha kusoma ku makaburi."

Mimi naandikaga nikijiuliza swali moja tu: kama mutu huyu hangezaliwa, tungekosa nini?

Tuchukue Papa Wemba. Tarehe 24 Aprili 2016 alianguka kwenye jukwaa ku Abidjan, mu festivali ya FEMUA, akafa. Video ya kuanguka kwake ikazunguka dunia nzima. Kuko vijana wanaojua ile video kuliko nyimbo zake! Mutu alikuwa kati ya waanzilishi wa Zaïko Langa Langa mwaka 1969, akaunda Viva la Musica mwaka 1977, akacheza mu filamu La Vie est belle mwaka 1987, na sisi tunamupunguza kuwa sekunde chache za kufa. Ukiandika juu yake, kifo kichukue sentensi moja. Ile miaka 47 ya kazi ichukue zingine zote.

Luga nayo iko na uzito. Mwaka 1970 Franco wa OK Jazz alimupoteza mdogo wake Bavon Marie-Marie, naye mpiga gitaa, mu aksida ya gari. Alimutungia wimbo Kinsiona, na aliuimba kwa Kikongo, luga ya upande wa mama yake, wakati watu walizoea kumusikia mu Lingala. Sasa sisi, nyanya amekufa bila kujua Kifaransa hata kidogo, tunamusomea karatasi mbili za Kifaransa kizito mbele ya dada zake wasioelewa. Tunamusomea nani?

Kwetu Katanga, mfano wangu ni Mwenda Jean-Bosco wa Bayeke, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili. Alikufa mu aksida ya gari ku Zambia mwaka 1990. Kama leo tunasikia bado vidole vyake vya ujana, ni juu Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 hapa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tracey alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu: jina la mwimbaji, luga, fasi, chombo. Rekodi zake zinachungwa ku maktaba ya muziki ya ILAM, Afrika ya Kusini. Siye wa kilimo tunaelewa hiyo mbio. Mu shamba la majaribio, mstari usio na etiketi hata utoe mahindi makubwa namna gani, haufai kitu, juu hakuna anayejua ni mbegu gani.

Ku kilio cha shangazi yangu, hotuba ya familia ilisema "mama wa wote", basi. Kisha jirani mmoja, mama wa soko, akasimama bila karatasi. Akasema kama marehemu alikuwa anachunga aina tano za maharagi mu chupa, na majivu ndani juu ya wadudu, na kila mwaka mbele ya mvua alikuwa anagawia majirani kikombe kimoja kimoja. Na kama alikuwa mukali: asiyerudisha kikombe wakati wa mavuno, mwaka ujao anarudi kwake mikono mitupu. Watu wakacheka, wengine wakaanza kulia kabisa. Zile chupa zilikuwa tayari zimepangwa nyuma ya nyumba pamoja na takataka za kutupa. Kesho yake binamu zangu walizirudisha ndani. Aina nne ziliota.

Tazama, yule mama hakusema hata sifa moja. Alisema kitu alichokiona, na ukali wa marehemu hakuuficha.

Ya mwisho ni adabu tu. Ngojea familia itangaze yenyewe. Kuko mutoto alijifunza kifo cha baba yake ku Facebook. Picha ya maiti, hapana. Na kama mufu ni mwanamuziki, weka jina la wimbo mmoja na mwaka wake, ili mwenye kusoma aende kuusikiliza leo leo.