Adabu za Mgeni Ndani ya Queen Mary 2

Queen Mary 2 ikishaondoka Southampton kuelekea New York, kwa kawaida haitii nanga popote kwa usiku 7. Abiria karibu 2,700 na wafanyakazi zaidi ya 1,200 wanabaki pamoja juu ya maji, wakipishana kwenye ngazi zilezile na kusikia milango ya wenzao ikifungwa. Ni mtaa usio na njia ya kutokea. Hotelini, ukichoshwa na jirani, unafunga begi na kuondoka. Hapa jirani uliyemkosea asubuhi utakutana naye kwenye lifti jioni, na kesho, na keshokutwa. Desturi za meli hii zimekua kutokana na hali hiyo, na mgeni akizitazama hivyo hazitamshinda.

Kampuni ya Cunard ilianza kuvusha watu na barua katika Atlantiki mwaka 1840, kwa meli ya mvuke iliyoitwa Britannia, iliyotoka Liverpool. Queen Mary 2 ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na ikaanza kubeba abiria Januari 2004. Ina urefu wa mita 345. Meli nyingi za kitalii huenda kisiwa hadi kisiwa, watu wakishuka kila asubuhi kutembea na kununua vitu. Hii kazi yake kuu ni kuvuka, na ndiyo maana imebaki na mambo ya kale: kengele ya adhuhuri, chai ya alasiri, dansi, suti nyeusi. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wanaofikiria kupanda, pengine kwa kuadhimisha kustaafu au ndoa ya miaka mingi, watajiuliza maswali yanayofanana: nivae nini, nile na nani, nimpe nani bakshishi, nitasali vipi? Nitayajibu, lakini lipo linalotangulia.

Kabla ya safari kuanza, kila abiria lazima ajue kituo chake cha kukusanyikia, na aonyeshwe jinsi jaketi la kujiokolea linavyovaliwa. Ishara ya dharura ni milio 7 mifupi ya honi, kisha mmoja mrefu. Wapo abiria wazoefu wanaoliona zoezi hili usumbufu: wanaongea mhudumu anapoeleza, wanachezea simu. Usiwe mmoja wao. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini mwaka 1914 kwa sababu Titanic ilikuwa imezama Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa, na mashua za kuokolea hazikuwatosha waliokuwamo. Karne moja baadaye, usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote. Kanuni ikabadilishwa baada ya hapo: zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka, au mara tu inapoondoka.

Sisi wa pwani na wa maziwa hatuhitaji kusimuliwa mambo haya. MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018: kila moja ilituchukulia watu kwa mamia. Aliyeondokewa na mtu katika mojawapo ya misiba hiyo hatasimama kwenye zoezi la uokoaji akicheka. Nyamaza, sikiliza, hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi kwenye ngazi, na kama una watoto hakikisha nao wanajua njia.

Moto nao unaogopwa baharini kuliko dhoruba. Kwa hiyo mishumaa na pasi ya kwako haviruhusiwi chumbani, wala chetezo, ambacho kwa wengi wetu nyumba haijawa nyumba bila harufu yake. Mama anayependa udi na afukize nguo zake nyumbani kabla ya kufunga begi, kisha aje na mafuta na marashi yake. Nguo zitanukia hadi New York.

Saa za melini humchanganya kila mgeni. Kati ya Southampton na New York kuna tofauti ya saa 5, kwa hiyo ukielekea magharibi saa zinarudishwa nyuma usiku, saa moja kila mara, na aliyelala anapata usingizi wa ziada. Ukielekea mashariki zinasogezwa mbele adhuhuri: ilipokuwa saa 6 mchana inakuwa saa 7, na mezani unaitwa kabla njaa haijafika. Usiitegemee simu yako, fuata saa inayotangazwa na meli. Adhuhuri kengele hupigwa, na sauti ya nahodha inasikika ikieleza meli iko wapi, upepo ukoje na bahari ikoje. Wakati huo watu hunyamaza, na wewe nyamaza.

Mwislamu ana hesabu nyingine juu ya hiyo. Kutoka Southampton kibla kipo kusini-mashariki, na kutoka New York kipo kaskazini-mashariki. Maana yake, katika siku hizo chache mwelekeo wa kusalia unahama polepole, na meli inapokwenda magharibi unasali ukielekea upande wa tezi. Dira ndogo au programu ya simu itakusaidia, na msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya sala. Chumba kinatosha kutandika mswala. Chakula cha halali si cha kuulizia ukiwa umeshaketi mezani. Kiombe unapoweka nafasi, majuma mengi kabla, uombe na jibu la maandishi. Wakristo wana ibada ya Jumapili, ambayo kwa desturi ya Cunard huongozwa na nahodha mwenyewe.

Kuanzia saa 12 jioni meli inabadilika sura. Kaptula na malapa yanarudi chumbani, na watu wanatoka wamevaa vizuri. Katika kila safari ya kuvuka huwa kuna usiku wa sherehe kubwa, ambapo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, au suti ya rangi ya kiza, na wanawake magauni marefu. Wengi huogopa usiku huo kuliko mawimbi. Hakuna haja. Mavazi rasmi ya taifa la mtu yanakubalika kwa kanuni za kampuni yenyewe, kama inavyokubalika sketi ya Waskoti. Kanzu iliyopigwa pasi, koti zuri na kofia ya kiua inatosha kabisa, na mwenye joho alivae. Gauni refu la kitenge lililoshonwa na fundi anayejua kazi yake halina wa kulishinda pale. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nimeona watu wetu wakikopa ili wakodi suti ya kizungu isiyowakaa, huku sandukuni wana nguo ya heshima waliyoolea. Asiyetaka kujipamba naye ana sehemu zake: mgahawa wa kujipakulia wa Kings Court uko wazi, na baa ya Golden Lion pia. Kisichofaa ni kuingia ukumbi wa dansi na jinzi usiku ambao wengine wote wamejitaabisha.

Katika ukumbi mkuu wa chakula, Britannia, kuna zamu mbili za jioni, na wengi hupangiwa meza moja kwa safari nzima, mara nyingi pamoja na wageni wasiofahamiana. Hapa Mswahili yuko nyumbani kuliko anavyodhani. Amkia meza nzima unapofika, taja jina lako, uliza habari za siku. Usichelewe, maana mhudumu huwasubiri wote kabla ya kuleta sahani. Waliopanda meli hii ni watu wazima wengi, na wengine wameshavuka nayo mara kadhaa. Waulize kuhusu safari zao, wataongea hadi kahawa ije. Jambo moja usiulize: mwenzako amelipa kiasi gani, au chumba chake kiko sitaha ipi. Meli hii bado ina matabaka. Abiria wa vyumba vya juu wana migahawa yao, sebule yao na sitaha yao, na mlango wao haufunguki kwa kadi ya kila mtu. Mimi sikipendi kizuizi hicho, lakini kubishana naye mhudumu aliyewekwa mlangoni ni kumwonea mtu asiyekiweka.

Mkono. Desturi yetu ya kuzungusha birika na beseni kabla ya kula ingewafaa sana watu wa meli. Virusi vya noro huenea upesi mahali ambapo watu wengi hushika kijiko kimoja cha kupakulia, na safari moja ya meli hiihii, Machi 2025, iliwaangusha abiria zaidi ya 200 kwa kutapika na kuharisha. Dawa ya kupaka mikononi iliyowekwa mlangoni haiviui vizuri virusi hivyo. Maji na sabuni ndiyo kinga. Ukianza kuumwa tumbo, toa taarifa kwa daktari na ukae chumbani unapoambiwa. Kujificha ili usikose sherehe ni kuwadhulumu wazee mia kadhaa wanaoshika vishikio hivyohivyo vya ngazi.

Kulevywa na bahari ni jambo jingine, na halimwambukizi mtu. Meli ina mapezi ya kupunguza mrama, lakini Atlantiki ya kaskazini wakati wa baridi haimwogopi mtu. Omba chumba cha sitaha ya chini, katikati ya meli, kula kidogo, tafuna tangawizi, toka nje utazame upeo wa macho. Tembea pia: sitaha ya 7 inaizunguka meli, na mizunguko mitatu ni karibu kilomita 1.8. Viti vya kulalia vimepangwa huko. Usiweke taulo asubuhi kushika nafasi utakayoikalia alasiri.

Saa 9:30 alasiri chai huletwa katika Queens Room na wahudumu waliovaa glavu nyeupe, muziki ukipigwa. Jioni ukumbi huohuo ni wa dansi, na kampuni huweka wanaume maalumu wa kucheza na mabibi waliosafiri peke yao. Wanatakiwa wasimpendelee yeyote. Mjane asione haya kukubali mkono wao. Kuna maktaba yenye maelfu ya vitabu, ambamo simu ya video kwa sauti kubwa ni aibu. Kuna hata mabanda ya mbwa, na uani kwao wamewekewa nguzo ya taa ya Liverpool na bomba la zimamoto la New York, ili mbwa wa kila upande ajisikie kwao. Kuna vyumba vya kufulia visivyolipiwa, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa: mashine ikimaliza, uwepo uzitoe nguo zako.

Nimewaacha wafanyakazi hadi hapa ili niwazungumzie kwa nafasi. Wanatoka nchi nyingi, Ufilipino ikiwamo, na meli imesajiliwa Bermuda. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu hadi saa 14 za kazi ndani ya siku moja na saa 72 ndani ya wiki. Hebu soma tena namba hizo. Anayetandika kitanda chako asubuhi ndiye anayekunja shuka usiku, na anaweza kuwa na miezi mingi hajamwona mtoto wake. Ana jina kifuani. Lisome, lijue, na mwamkie kabla ya kumwomba chochote, kama ambavyo usingeingia dukani kwa mtu ukamwambia tu "nipe". Usimpigie mluzi, usimwite kwa vidole. Ukifurahishwa naye, liandike jina lake kwenye fomu ya maoni, maana maneno hayo yana uzito anapoombewa cheo.

Bakshishi huongezwa kwenye akaunti yako kila siku, kwa dola za Marekani, kwa kila mtu. Unaweza kwenda kaunta ukaomba iondolewe, na wapo wanaofanya hivyo kisha wakajisifu kuokoa fedha. Mimi nauona ni wizi, hata kama kanuni inauruhusu. Hesabu fedha hizo tangu siku unayoweka nafasi, kama sehemu ya nauli, na kama umehudumiwa vizuri ongeza kidogo mkononi usiku wa mwisho, ndani ya bahasha, kwa adabu.

Usiku huo wa mwisho mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango ili yashushwe. Baki na nguo za kesho, viatu, dawa na pasipoti. Kila mwaka kuna watu huko baharini wanaogundua asubuhi kwamba wamebaki na nguo za kulalia tu. Amka kabla ya alfajiri upande sitahani, kwa sababu bomba la moshi la meli hupita chini ya daraja la Verrazzano la New York kwa nafasi ya mita chache tu. Matunda na nyama usishuke nazo, wala usifiche samaki mkavu uliyepewa na shangazi: forodha ya Marekani ina faini. Visa ya Marekani unayohitaji kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania uwe nayo kabla ya kupanda, kwa kuwa bila hiyo hutoki hata Southampton. Na muage mhudumu wako mapema, kwani siku hiyohiyo meli kwa kawaida hupakia abiria wengine na kugeuka kurudi Uingereza, naye ana vitanda vyote vya kutandika upya kabla ya jioni.