Kwa Nini Mkono Hupata Nguvu Kabla ya Kunenepa

Kijana aanzapo kuinua vyuma huona ajabu: baada ya wiki tatu anainua uzito zaidi, lakini akiuzungushia mkono utepe, kipimo ni kile kile. Wengi hukata tamaa hapo. Wengine hukimbilia vidonge vya homoni, ambavyo vyaweza kudhuru ini na moyo, na kumdumaza kijana ambaye bado anakua.

Mwaka 1979 wataalamu Moritani na deVries walionyesha sababu. Mwanzoni kinachobadilika hasa ni kazi ya neva: mwili hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Nyuzi zenyewe hunenepa baadaye, zikijengwa kwa protini.

Vijana hupenda misuli ya mbele, ikunjayo kiwiko. Kumbe ile ya nyuma, ikinyooshayo, ndiyo kubwa zaidi. Pushapu, basi, zisidharauliwe.

Kuhusu chakula, gramu 1.6 za protini kwa siku, kwa kila kilo ya uzito wa mwili, zatosha. Gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya 50. Ugali kwa maharage nao hufaa, kwani maharage yana laisini, ambayo mahindi yamepungukiwa.

Utepe na urudiwe baada ya miezi mitatu.