Misionari Erhardt na Ramani ya Ziwa Kubwa

Mtu akiitazama ramani ya Afrika ataona maziwa makubwa matatu katika nchi za bara: Ziwa Viktoria upande wa kaskazini, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, na Ziwa Nyasa upande wa kusini. Lakini katika ramani moja iliyopigwa chapa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, maziwa hayo matatu yalikuwa ziwa moja tu, kubwa mno, lililopinda kama koa. Habari nyingi za ramani hiyo zilikusanywa katika mji wa Tanga, na aliyezikusanya alikuwa misionari kijana, jina lake Jakob Erhardt. Inafaa kujua jinsi alivyofika Tanga, na jinsi maneno ya watu wakweli yalivyozaa ramani yenye kosa.

Erhardt alizaliwa mwaka 1823 katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alitumwa na chama cha Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society, akafika Mombasa mwaka 1849, umri wake miaka ishirini na sita. Alifuatana na mwenzake, Johannes Wagner. Siku zile watu hawakujua kwamba malaria huletwa na mbu, na wageni wengi walikufa kwa homa. Wagner alikufa mwaka ule ule, kabla hajaanza kazi aliyoijia. Erhardt naye aliugua sana, lakini akapona.

Huko Rabai, karibu na Mombasa, Erhardt aliwakuta Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Mwaka 1848 Rebmann alikuwa ameuona mlima Kilimanjaro, akaandika kwamba juu yake kuna theluji. Wako wataalamu wa London waliomkatalia, wakisema jambo hilo haliwezekani. Nao hawakuwa wamekanyaga nchi hizi kamwe. Basi wamisionari wale walijua uchungu wa kusema kweli bila kusadikiwa.

Mwaka 1850 Krapf na Erhardt walipanda chombo, wakashuka pwani yote toka Mombasa mpaka Rasi Delgado. Mwaka 1853 Erhardt alikwenda Usambara, akapanda milima mpaka Vuga, mji wa mfalme Kimweri ya Nyumbai. Kimweri alikuwa mfalme mwenye nguvu. Hata wakubwa wa miji ya pwani walimheshimu. Alimpokea mgeni wake vizuri, naye akakaa huko miezi michache. Lakini watu wengi walimwonea shaka Mzungu huyo, wakauliza moyoni, “Ametaka nini hasa katika nchi yetu?” Mwisho Erhardt aliondoka Usambara bila kupata alichokitumaini. Wala shaka ile haikuwa upuzi, kwa kuwa miaka thelathini na zaidi baadaye Wajerumani walikuja na silaha, wakaitwaa nchi.

Mwaka 1854 Erhardt alishuka Tanga, akakaa mjini muda wa miezi sita. Kwa macho ya watu ilikuwa kama kazi yake imekwisha bure. Lakini Tanga ulikuwa mji wa misafara. Wafanyabiashara walitoka pwani na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakaenda bara kutafuta pembe za ndovu. Mizigo yote ilichukuliwa na wapagazi kwa mabega na vichwa. Na katika misafara mingi ya siku zile walikuwamo pia watumwa, waliotolewa kwao kwa nguvu. Watu hao waliijua nchi kwa nyayo zao wenyewe.

Erhardt akaanza kuwauliza. Hakuna aliyeweza kumwambia umbali kwa maili, kwa kuwa hapakuwa na aliyepima. Njia ilihesabiwa kwa siku za mwendo: toka kituo hiki mpaka kile, siku moja, kuvuka nyika isiyo na maji, siku mbili au tatu. Kwa hiyo aliandika majina ya vituo, mito, milima na makabila, kama alivyosikia. Kisha akamwuliza mtu mwingine njia ile ile, akalinganisha maneno ya huyu na ya yule.

Sasa jambo moja likamshangaza. Waliopita nchi ya Wamasai kwenda kaskazini na magharibi walisema kwamba mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Waliokwenda kwa njia ya Unyamwezi mpaka Ujiji walisema vivyo hivyo. Habari za njia ya Kilwa nazo zilisema kwamba mwisho wake ni maji makubwa, yasiyoonekana ng’ambo. Erhardt aliporudi Rabai alizungumza na Rebmann juu ya neno hilo, na wote wawili wakapata wazo moja: ikiwa njia zote tatu huishia majini, basi maji hayo ni mamoja. Wakachora ziwa moja refu, wakaliita Bahari ya Unyamwezi.

Kosa lilikuwa hapo. Wasafiri hawakudanganya, kila mmoja alisema aliyoyaona. Lakini hakuna aliyesema kwamba ameifuata pwani ya maji hayo toka njia moja mpaka nyingine. Neno hilo waliliongeza wachora ramani wenyewe. Kumbe katikati ya maziwa ilikuwako nchi kavu ya mwendo wa siku nyingi.

Mwaka 1855 Erhardt alirudi Ulaya kwa sababu ya afya yake. Ramani ilipoonyeshwa London, wataalamu walibishana sana. Mwisho Richard Burton na John Speke wakatumwa kwenda kutazama. Mapema mwaka 1857 walipita Tanga na Pangani, wakafika Vuga, wakamwona Kimweri, naye alikuwa mzee sana. Kisha wakashika njia ya Unyamwezi pamoja na wapagazi na viongozi wa Kiafrika. Mwezi wa Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Na tarehe 3 Agosti mwaka ule Speke aliliona Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Mwaka 1859 David Livingstone alifika Ziwa Nyasa. Hivyo ziwa moja likawa matatu.

Erhardt mwenyewe hakuliona hata ziwa moja. Baadaye alitumwa India, akafanya kazi huko miaka mingi, akafa mwaka 1901. Ramani yake ilisahihishwa upesi, lakini bila ramani ile yenye kosa, safari iliyoisahihisha isingalifanywa wakati ule.

Asikiaye habari na atofautishe mambo mawili: lile aliloambiwa na aliyeona, na lile analolidhani yeye mwenyewe. La kwanza Erhardt alilitunza kwa uaminifu miezi sita katika mji wa Tanga. La pili ndilo lililompoteza.