Reli Zinazopanda Hadi Hewa Inapopungua

Mashariki ya Lima, katika bonde la mto Rímac, treni inayopanda kwenda migodini hufika mahali ambapo njia imekwisha. Mbele ni jabali, kando ni korongo. Treni husimama, swichi ya reli hugeuzwa, kisha mabehewa yote huanza kupanda kinyumenyume kwenye ubavu wa mlima, kwa njia iliyo juu ya ile yaliyojia. Baada ya mwendo mfupi husimama tena, swichi hugeuzwa, na kichwa cha treni kinatangulia kama mwanzo. Bonde ni jembamba mno, halina nafasi ya kupindisha reli, kwa hiyo treni hupanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma.

Hiyo ni reli ya kati ya Peru, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilitajwa kuwa reli ya juu kuliko zote duniani. Kutoka bandari ya Callao, usawa wa bahari, hadi handaki la Galera, takriban mita 4,780 juu, ni kilomita zipatazo 170 tu. Mpandaji wa Kilimanjaro anapolala Kibo Hut usiku wa mwisho kabla ya kukamilisha safari yake, yuko chini kidogo ya mwinuko huo. Na reli hii haina meno ya kushikia. Magurudumu ya chuma yanang'ang'ania chuma kitupu, huku mahali pengine njia ikipanda zaidi ya mita 4 kwa kila mita 100 za mbele.

Ujenzi ulianza mwaka 1870. Mkandarasi alikuwa Henry Meiggs, Mmarekani aliyeikimbia San Francisco mwaka 1854 akiwa amezongwa na madeni, akajijengea jina upya kwa kujenga reli nchini Chile. Fedha zilitokana na mikopo ambayo Peru ilikopeshwa kwa sababu ya guano, mbolea ya kinyesi cha ndege wa baharini iliyokuwa ikinunuliwa kwa wingi Ulaya. Aliyechora njia yenyewe alikuwa Ernest Malinowski, mhandisi wa Kipolandi aliyeikimbia nchi yake baada ya uasi dhidi ya Urusi kushindwa, akasomea Paris, kisha akahamia Peru mwaka 1852. Wengi walimwona anaota. Leo mnara wake umesimama Ticlio, karibu na kilele cha reli hiyo.

Meiggs hakuiona kazi ikiisha. Fedha zilikauka, yeye akafariki Lima mwaka 1877, na miaka miwili baadaye vita na Chile vikaikumba nchi. Reli ilifika La Oroya mwaka 1893 na Huancayo mwaka 1908.

Waliolipa gharama kubwa zaidi hawamo katika orodha ya majina makubwa. Walikuwa vibarua kutoka China, Chile na Peru kwenyewe, walioning'inizwa kwa kamba mbele ya majabali ili watoboe mashimo ya baruti. Huko juu kulikuwa na soroche, yaani maradhi ya mwinuko: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, pumzi inakatika mtu akiinua nyundo mara chache tu. Hata kupika ni shida, kwa kuwa kwenye Galera maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 84 hivi, na maharage hukataa kuiva.

Lakini muuaji mkubwa alikuwa chini zaidi, kwenye korongo la Verrugas, palipokuwa pakijengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 70 kwenda juu. Vibarua walishikwa na homa kali, damu ikapungua mwilini kwa kasi ya kutisha, na maelfu wakafa. Ugonjwa huo ukaitwa homa ya Oroya. Katika mabonde hayohayo wenyeji walijua ugonjwa mwingine wa siku nyingi, wenye vinundu vyekundu vya ngozi vinavyovuja damu, na madaktari wa Lima walibishana kama yale yalikuwa maradhi mawili au moja.

Mwanafunzi wa udaktari, Daniel Alcides Carrión, aliamua kuumaliza ubishi huo kwa mwili wake. Tarehe 27 Agosti 1885 alidungwa damu iliyotolewa kwenye kinundu cha mgonjwa. Wiki tatu baadaye akaanza kuumwa, na kilichompata hakikuwa vinundu bali homa ileile iliyowamaliza vibarua. Aliandika mwenyewe dalili zake siku hadi siku mpaka mkono ukashindwa, wenzake wakaendelea kumwandikia. Alifariki tarehe 5 Oktoba. Maradhi yalikuwa moja, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Udaktari nchini Peru hadi leo. Daraja la Verrugas nalo likapewa jina lake. Kati ya majina yote yaliyobandikwa kwenye reli za dunia, ni machache yaliyostahili kuliko hilo.

Kwingineko watu walipanda kwa sababu nyingine kabisa. Uswisi ilijenga reli za milimani kwa ajili ya watalii. Reli ya Pilatus, iliyofunguliwa 1889, hupanda mteremko wa asilimia 48 kwa gurudumu lenye meno linalouma reli ya katikati. Ile ya Jungfrau ilichukua miaka 16 kutobolewa ndani ya milima ya Eiger na Mönch, na tangu 1912 huwafikisha wageni mita 3,454 wakaangalie barafu. Ni kazi nzuri ya kihandisi, ila treni inayovuta tani za madini mahali pa namna hiyo ina mtihani mgumu zaidi, hasa inaporudi imejaa na usalama wa kila mtu uko kwenye breki.

Rekodi ya Peru ilivunjwa na China. Tarehe 1 Julai 2006 ilifunguliwa njia ya kutoka Golmud hadi Lhasa, kilomita 1,142, inayopita Tanggula kwenye mita 5,072. Hapo ni juu kuliko Lenana, kilele ambacho wapandaji wengi wa Mlima Kenya hukiendea. Hewa ya kuvuta inazidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani, ndiyo maana mabehewa yana matundu ya oksijeni kwa abiria. Wakati wa ujenzi oksijeni ilisukumwa hadi ndani ya handaki la Fenghuoshan, na serikali ya China ilisema hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekufa kwa maradhi ya mwinuko. Ukiwakumbuka vibarua wa Verrugas, unaona umbali ambao kazi hii imesafiri.

Tatizo kubwa la reli hiyo ya Tibet lilikuwa ardhini. Kiasi cha kilomita 550 za njia hiyo zimepita juu ya ardhi iliyoganda daima. Ikiyeyuka, tuta hudidimia na reli hupinda. Kwa hiyo kando ya njia yamesimikwa mabomba ya chuma yenye amonia. Majira ya baridi, joto lililo ardhini huifanya amonia ya chini iwe mvuke, mvuke hupanda, hukutana na baridi ya nje, hugeuka kimiminika na kuteremka tena. Kila mzunguko huchota joto kidogo kutoka udongoni. Kiangazi kikifika mzunguko hukoma wenyewe, bila mashine wala umeme. Sasa dunia inazidi kupata joto, na wahandisi wanalazimika kuupima udongo huo mwaka hadi mwaka.

Afrika Mashariki nayo ina mlima wake wa reli, na hausemwi vya kutosha. Kati ya Nakuru na Eldoret njia ya zamani ya mita moja hupanda hadi Timboroa. Stesheni iko futi 9,001 juu ya bahari, na kilele cha njia ni futi 9,136, sawa na mita 2,785. Katika enzi ya ukoloni ilitajwa kuwa stesheni ya juu kuliko zote katika himaya ya Uingereza. Nyuma yake kuna historia nzito: reli iliyoitangulia, ya Mombasa hadi Kisumu, iliyokamilika 1901, ilijengwa na vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kabla njia ya kudumu haijawa tayari, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba.

Wakoloni wangeweza kuridhika na Kisumu. Lakini mizigo ya Uganda ilivushwa Ziwa Victoria kwa meli, kisha ikapakuliwa na kupakiwa upya, kazi iliyokula muda na fedha. Ndipo njia ikapandishwa Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, na pamba ya Uganda ikaweza kushuka hadi Mombasa ndani ya behewa lilelile ilimopakiwa.