Waya wa Shaba Ndani ya Mpingo

Njia ya Karatu kuelekea lango la Loduare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro kaskazini mwa Tanzania, imejaa maduka ya vinyago, na wageni wengi wanaolala kwenye loji za huko wana uwezo wa kununua kitu cha thamani kubwa zaidi. Upande wa pili wa Wilaya ya Ngorongoro, tarafani Sale, Wasonjo wana jadi ya uhunzi. Ipo kazi ambayo ingewakutanisha: kupachika waya wa shaba kwenye mbao.

Si kazi ngeni kwetu Afrika Mashariki. Wakamba wa Kenya walipamba vigoda vya wazee kwa waya wa shaba uliozungushwa na kuzamishwa kwenye mti. Huko Mainpuri, kaskazini mwa India, kazi kama hiyo huitwa tarkashi. Zamani ilipamba mitalawanda ya watu wa dini walioepuka ngozi. Leo inapamba trei, fremu na visanduku vya vito.

Fundi huponda waya wa shaba ya manjano mpaka uwe utepe mwembamba. Huchimba mfuo kwa patasi kufuata mchoro, akausimamisha utepe kwa ukingo wake, kisha akaugongagonga kwa nyundo ndogo. Kinachoushika utepe ni mbao yenyewe kuubana. Tupa na msasa humalizia, hadi ukipitisha kidole usijue mbao imeishia wapi.

Mtihani wa soko la kifahari uko hapo. Mbao ikikauka hupungua upana, ilhali urefu wake, kwa kufuata nyuzi, haubadiliki sana. Shaba haiguswi na unyevu. Basi mbao ikiwa mbichi, waya uliokatiza nyuzi hukosa nafasi, hujikunja na kuchomoza. Kisanduku kilichong'ara Karatu kitaharibika Ulaya, kwenye nyumba inayopashwa joto, yenye hewa kavu. Anayelipa fedha nyingi anataka kitu cha kurithisha wanawe.

Mti tunao. Mbao ya sheesham wanayotumia Mainpuri ni ya jenasi ya Dalbergia, sawa na mpingo wetu. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na hupokea mchongo mwembamba bila kumeguka. Ila hukauka polepole mno na kupasuka nchani, hivyo ncha hupakwa nta na magogo huwekwa kivulini. Tangu 2017 jenasi nzima ya Dalbergia iko chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo mfanyabiashara ajue mapema vibali vya kusafirisha shehena.

Kikundi kinachotaka kuanza kisikimbilie michoro. Kitangulize banda la kukaushia na kipimaunyevu, kisha vitu vidogo, maana kipande chembamba husogea kidogo. Mimi ningeanza na kisu: bapa lifuliwe Sale, mpini uwe wa mpingo wenye waya wa shaba. Na bei yake ihesabu kila mwezi ambao mti ule ulisubiri kukauka. Hiyo nayo ni kazi, na fundi anastahili kulipwa kwayo.