Mkataba Upi Unalipa? Hesabu za Mcheza Hoki ya Barafu Ughaibuni

Msimu wa 2025/26, mchezaji anayelipwa kidogo kuliko wote katika ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini alihesabiwa dola 775,000. Ukishuka ngazi moja tu, kwenye ligi ya AHL, mishahara inaanzia dola elfu hamsini na kitu. Ngazi ya tatu ni ECHL, ambako mtu hulipwa kwa wiki, na msimu ukiisha malipo hukatika. Maelfu ya wachezaji wazuri hawatoki katika ngazi hizo za chini, na wengi wao huishia kuvuka bahari kutafuta riziki Ulaya. Kila kiangazi wakala anawapigia simu na ofa mbili tatu, na siku chache za kuamua.

Kinachoniuma ni kuona ofa hizo zikipimwa kwa mshahara peke yake. Cha kupima ni kile kitakachobaki mwezi wa Aprili, baada ya kodi, bima na matunzo ya familia, na pia hali ya magoti ya mchezaji mwenyewe. Mzazi Mswahili aliyeko Kanada, anayemlipia mwanawe mafunzo akitumaini atakula kwa mchezo huu, naye azijue hesabu hizi mapema.

Tuanze na kubaki ECHL. Ni mechi 72 kati ya Oktoba na Aprili, safari ndefu za basi, na mara nyingi mechi za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Klabu inatoa nyumba yenye samani. Tuseme mtu analipwa dola 700 kwa wiki: kwa wiki 26 anapata dola 18,200 kabla ya kodi, na anaweza kuachwa hata katikati ya Desemba. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye AHL bado inamwita mtu akiumia huko juu, ningesema abaki, maana siku za kuitwa zinalipwa kwa viwango vya juu na macho ya makocha yako pale. Kwa mwenye miaka 28 sioni anachokisubiri.

Huyo wa miaka 28 aiangalie Uingereza kwa makini. Ligi yao ya Elite ina timu 10, kutoka Belfast na Cardiff hadi Dundee, na fedha zake si nyingi. Lakini klabu hutoa nyumba, mara nyingi na gari, na kadhaa zina makubaliano na vyuo vikuu ili mchezaji asome shahada ya uzamili. Chukua mfano wa pauni 500 kwa wiki kwa wiki 30: ni pauni 15,000, karibu sawa na kule ECHL, na kodi ya mapato haizigusi pauni 12,570 za mwanzo. Sasa ongeza ada. Mwanafunzi anayetoka nje ya nchi hiyo mara nyingi hutozwa zaidi ya pauni 15,000 kwa shahada moja ya uzamili. Chuo kikiisamehe au klabu ikiilipa, thamani ya mkataba imeongezeka maradufu, na kwa kuwa mechi nyingi huchezwa wikendi, siku za kazi zinabaki za darasani. Kwa mtu ambaye mwili utamwacha akiwa na miaka 33, sijaona ofa inayoishinda hii.

Ila asome vipengele. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kucheza kwa kulipwa. Lazima aingie kwa viza ya mwanamichezo. Tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa hiyo mwenye mke na watoto wawili aulize nani anailipa. Aulize pia umeme, gesi, mafuta na bima ya gari.

Na kuna gharama isiyoandikwa. Tarehe 28 Oktoba 2023, jijini Sheffield, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na kiatu cha kuteleza katikati ya mechi, akafariki. Njia yake ndiyo hii hii: alishaichezea Pittsburgh katika NHL, akapita Sweden na Ujerumani kabla ya kufika Uingereza. Ligi ikalazimisha kinga ya shingo kuanzia Januari 2024. Kinga hiyo aivae popote aendako, hata pasipolazimishwa.

Ujerumani inalipa vizuri zaidi. Ligi kuu ya DEL ina timu 14 na mechi 52 za msimu wa kawaida, lakini idadi ya wageni ina kikomo. Ndiyo maana Mkanada mwenye babu Mjerumani huhangaikia pasipoti: akiipata hahesabiwi mgeni, na thamani yake inapanda bila kuongeza bao hata moja. Bima ya afya ya umma huko humfunika mke asiye na kipato na watoto bila mchango wa ziada. Uswisi mshahara ni mkubwa, ila kila mtu nyumbani, hata mtoto mchanga, hukatiwa bima yake, na timu inaruhusiwa wageni sita tu kwa mechi. Nafasi hizo huchukuliwa na nyota. Urusi nayo hulipa vizuri, lakini tangu vikwazo vya benki vya 2022 kuzituma fedha nyumbani kumekuwa kazi ngumu.

Kabla ya kusaini, popote pale, ajue kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi, kama kuna kipindi cha majaribio ambamo klabu inaweza kumrudisha, nani anamlipa wakala, na nani anamlipia tiketi ya kurudi. Goti likivunjika Novemba, mshahara unaendelea hadi lini, na familia inatakiwa kuhama nyumba ya klabu siku gani? Jibu liwe limeandikwa kwenye mkataba wenyewe, si kwenye ujumbe wa simu wa meneja.