Kwa Nini "Did Not Went" Ni Kosa

Mwanafunzi wa sekondari anaandika "I did not went to school". Mwalimu anapiga mstari mwekundu, anaandika "go", anafunga daftari. Wiki inayofuata kosa linarudi, maana hakuna aliyemweleza chanzo chake.

Chanzo kipo, tena hakina ugumu. Kiingereza hutaja wakati uliopita mara moja tu katika fungu la vitenzi. "Did" ikishaubeba, kitenzi kinachofuata hubaki katika umbo lake la asili: "did not go", "did she eat?" Kiswahili huutia wakati na ukanushi ndani ya neno moja, "hakuenda", hivyo mzungumzaji wake hajazoea kugawa kazi hiyo kwa maneno mawili. Ndiyo maana pia "does she likes" ni kosa: "does" imeshachukua ile "s".

"I have went" ni suala jingine. Baada ya "have" huja umbo la tatu, "gone", na hapo hakuna njia ya mkato ila kukariri. Hata "went" yenyewe ilitoka katika kitenzi kingine cha kale, "wend".

Halafu kuna "I am knowing him". Kiswahili hutumia "-na-" katika "ninaandika" na "ninamjua" vilevile. Kiingereza husema "I am writing", lakini "I know him", maana kujua ni hali, si tendo linaloendelea.

Walimu, mnaposahihisha, andikeni na sababu pembeni ya kosa.